Ndagala wa Juu, Ndagala wa Chini

Likizo hii, nyumbani Minago, nilitaka kuiongezea kompyuta yangu kuukuu nguvu ya picha. Fundi wa Rumonge aliifungua, akacheka: chipu ya picha imechomelewa kwenye bodi, haibadiliki. Kinachoongezeka ni RAM, kwani chipu hiyo huazima humo. Nikaongeza gigabaiti 4. Inawaka vizuri, ila video nzito bado zinakwama.

Mdogo wangu akasema: “Kaka, wauzie wa mwaka wa kwanza, hawaulizi.”

Kunyamaza nako ni udanganyifu? Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Yule hakuwa ametamka uongo wowote! Nasi mwaloni twamjua anayefunika ndagala wabichi kwa wakavu.

Nimemweleza mnunuzi. Kapunguza bei, na ada yangu haijatimia.