Bao, Nafasi na Hukumu

Mkulima wa michungwa wa Muheza hahesabu maua akayaita mavuno. Ua moja hushika tunda, mengi hupukutika kwa upepo na ukame. Hata hivyo, shamba lililopaliliwa na lililotelekezwa hayawi sawa, ijapokuwa msimu mmoja yaweza kuvunwa sawa. Hekima hiyo sasa imeingia uwanjani kwa jina la mabao yanayotarajiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu kufahamika. Mashuti kwa maelfu hukusanywa, kila moja likaandikiwa umbali wake, pembe yake, na kama lilipigwa kwa mguu au kwa kichwa. Kisha huulizwa: katika mia yaliyopigwa namna hii, mangapi yaliingia? Penalti hupewa thamani ya karibu 0.77, maana katika mia zaidi ya ishirini hupotea.

Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Asamoah Gyan wa Ghana alipiga penalti dhidi ya Uruguay mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Mpira ukagonga mtambaa wa panya. Dakika chache baadaye, katika mikwaju ya kumpata mshindi, akautia wavuni. Mtu yule yule, nukta ile ile, thamani ile ile. Ghana ikatolewa, na kilichobaki midomoni mwa watu ni ule mtambaa wa panya. Je, ni haki mtu mmoja alaumiwe kwa pigo la kwanza na asifiwe kwa la pili?

Kombe hufuata mabao, na halina budi. Bila hivyo hapana mchezo. Lawama, lakini, yapasa ifuate tendo. Tendo ni la mtu. Tokeo amegawana na kipa, upepo na bahati. Wahenga walinena: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi na mfungaji asifiwaye kwa bao la kubahatisha aweza kuacha mazoezi.

Wala namba isifanywe kichaka cha wazembe. Yenyewe ni wastani wa wengi: yaijua nukta, haiujui moyo, mpigaji makini na mpigaji mzembe huwapa thamani moja. Bidii hupimwa kwa jicho, tena kwa misimu, si kwa alasiri moja.

Kwa hiyo kijana wa Muheza akikosa bao mbele ya jirani zake, kabla ya kuzomewa na aulizwe: alifikaje pale, na alijiandaa vipi? Akiwa na jibu, hana deni.