ARUBAINI IKIISHA: JE, KUPISHANISHA UZAZI NI KUKOSA TAWAKKUL?

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mwanamke anapojifungua hapa Kasenga, tunamwombea dua, tunahesabu siku arubaini za nifasi, kisha anaoga, anarudi kwenye sala na kwa mumewe. Jiulize, ndugu yangu: kabla ya usiku ule, ulikaa na mke wako mkashauriana juu ya mimba ijayo? Wengi wetu hunyamaza, na kunyamaza huko tukakuita tawakkul.

Kwanza, tujue mambo yalivyo. Wako akina mama wanaosema: "Sijaona hedhi, siwezi kushika mimba." Hilo si sahihi, kwani yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Kunyonyesha hukinga vizuri pale tu masharti matatu yanapokutana: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila maji wala uji, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, kinga hiyo si ya kutegemea. Wengine huogopa kwamba sindano itawafunga kizazi. Uzazi hurudi baada ya kuiacha, ingawa huweza kuchelewa miezi kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Pili, tutazame dini. Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Allah (S.W.) ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Na wazazi wakitaka kumwachisha mtoto mapema, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Sasa fikiri: ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji shauri la wawili, vipi mimba mpya, ambayo mara nyingi ndiyo inayomwachisha, iingie bila neno?

Masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje, zama Qur'ani inateremka, na hawakukatazwa. Ameyasimulia Jabir (R.A.), na yamo katika Bukhari na Muslim. Imam Ghazali naye aliruhusu, akaitofautisha azli na kuua. Wanazuoni wengi wameweka sharti: mke aridhie. Kwa kipimo hicho wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu njia za kuzuia mimba kwa muda. Kufunga kizazi kabisa na kutoa mimba ni masuala mengine, yana hukumu zake.

Utasema: "Riziki iko kwa Allah," na utataja Suratul Israa, aya ya 31. Umesema kweli. Lakini aya hiyo inakataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini, na anayepishanisha hajaua mtu. Riziki ya mtoto mchanga Allah ameiweka kifuani mwa mama yake. Kuilinda ni amana, siyo kuitilia shaka.

Tatu, nani aamue? Mume asimkataze mkewe kwa ukali, wala mganga asimpe mama njia asiyoitaka. Sheria ya afya ya nchi yetu ya tarehe 13 Desemba 2018 inataka ridhaa ya mume na mke, na wakihitilafiana, kauli ya anayehusika ndiyo hutangulia. Mwenye kubeba mimba na kumwaga damu ni yeye.

Basi, ndugu, chanjo ya wiki ya 6 huja siku chache tu baada ya arubaini. Siku hiyo usimwache mama aende peke yake. Nenda naye, mwulize mganga pamoja, na mweleze kwamba ananyonyesha, kwa maana si kila kidonge kinamfaa. Kisha fungeni shauri lenu, na hapo ndipo mtegemee Allah.

Allah awahifadhi mama zetu na watoto wetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati Imamu anahutubu. Ina majina ya Allah, usiitupe ovyo. Ukimaliza, mpelekee aliye nyumbani.)