Kakao Kivulini

Je, ni imani au ni kumjaribu Mungu, kupanda mti wa kakao utakaongojwa miaka 3 hadi 5 hapa Kamango, mashariki mwa Kongo, mji ambao watu wake kwa maelfu walivuka mpaka Julai 2013 kukimbilia Bundibugyo, Uganda? Mimi nasema ni imani. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wapande bustani na kula matunda yake, na kurudi kwao akasema ni baada ya miaka 70.

Basi nyuma ya nyumba, chini ya migomba, nimepima mita 3 kati ya shimo na shimo. Kakao changa hupenda kivuli. Jua kali huunguza majani yake. Penye unyevu nimeweka majimbi, tuyale mapema. Migomba nitaipunguza kidogo kidogo, maana kivuli kikizidi maganda huoza.

Baba mkwe huuliza nani atavuna. Namjibu: baba, hilo ni la Mungu. Linalonikosesha usingizi ni jingine: anayevuna kakao ya jirani aliyekimbia vita, anapokea riziki au anaiba? Wengine husema tunda lisioze bure. Mimi naamini anaiba, hata jirani asiporudi, kwa sababu jirani huyo ana watoto.