Shahada ya Sheria na Faradhi ya Kuziba Pengo

Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yaliwashtua Watanzania. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 265 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 342 walifeli. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukapamba moto kuhusu mitaala, ufundishaji na uwezo wa wanafunzi. Mjadala huo ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, nyuma yake kulikuwa na dhana ambayo wengi wetu tunaibeba bila kuihoji: kwamba aliyesomea sheria kisha asivae joho la uwakili amesoma bure. Naipinga dhana hiyo, na naipinga kwa hoja ya kimaadili kabla ya hoja ya ajira. Msomi wa sheria ana deni kwa jamii, na deni hilo hufuata pengo lilipo. Halifuati cheo ambacho wenzake wamezoea kukikimbilia.

Hoja hii ina zaidi ya miaka 900. Katika kitabu cha kwanza cha Ihya Ulum al-Din, kile kinachohusu elimu, Imam Ghazali analalamika kwamba miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi, hasa kwenye midahalo ya hitilafu za wanazuoni. Tiba na fiqhi zote mbili ni faradhi ya kifaya, yaani jukumu la umma mzima: wakilitimiza baadhi, waliobaki huondokewa na dhima, likiachwa, wote wana hatia. Kwa nini basi watu wajazane upande ambao umekwisha kutoshelezwa? Jibu lake halina huruma. Fiqhi iliwafikisha watu kwenye usimamizi wa wakfu na mali za yatima, kwenye ukadhi na vyeo vya serikali. Tiba haikuwa na hayo. Shutuma hiyo inapata uzito kwa sababu ya aliyeitoa. Ghazali mwenyewe alikuwa mwanasheria wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, na mwaka 1091 alikabidhiwa kufundisha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, moja ya nafasi zenye heshima kubwa kuliko zote katika zama zake. Mwaka 1095 aliiacha. Sheria hakuidharau, kwani miaka mingi baadaye aliandika al-Mustasfa, kitabu cha misingi ya fiqhi. Alichokataa ni kuipima elimu kwa hadhi inayompa mwenye nayo.

Tukiishika mizani hiyo hapa kwetu, pengo linaonekana waziwazi katika ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi hiyo, lakini inaikataza kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Inaweka pia baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake, lipatanishe wanaogombana. Ni sheria yenye nia njema, ila uhai wake unategemea mtu wa pale kijijini anayejua kuandika muhtasari wa mkutano, kuhakikisha akidi imetimia, na kumweleza mjane haki yake kabla shamba halijauzwa. Muhtasari ukikosewa leo, kosa hulala kwenye jalada miaka mingi, hadi siku mawakili hodari watakapoligombania mbele ya jaji kwa gharama ambayo hakuna mkulima anayeimudu. Mhitimu wa sheria aliye mtendaji wa kijiji, au katibu wa chama cha ushirika, angelizuia siku ileile lilipokuwa linaandikwa. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya sheria iliyo kamili, na pengine ina thawabu kubwa kuliko ile ya kushinda kesi, maana haki ya mtu imelindwa kabla hajaanza kuililia.

Pengo jingine ni la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Februari mwaka huohuo Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili akiwa jaji wa Mahakama Kuu kule Musoma, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Sasa wanahitajika wafasiri wa sheria, wahariri wa mikataba na waandishi wa habari za mahakama wanaoelewa wanachokiripoti.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya kuwaliwaza walioshindwa. Lakini namna mtu alivyofika kwenye kazi haisemi lolote juu ya thamani ya kazi yenyewe. Alfonso Maria wa Liguori alikuwa wakili wa Napoli aliyeacha uwakili mwaka 1723 baada ya kushindwa kesi kubwa. Akawa padri, na mwaka 1732 akaanzisha shirika la kuwahudumia maskini wa mashambani. Akili yake ya kisheria ikaja kuzaa maandiko ya maadili yaliyolifanya Kanisa Katoliki limwite mwalimu wake. Hakuna anayeuliza leo kama alikimbia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wote wakitawanyika, nani atasimama mahakamani kwa ajili ya maskini? Hapa nakubali, na nakubali kwa sababu mizani yangu inakata pande zote mbili. Penye uhaba wa mawakili, mwenye uwezo wa kutetea anayekimbilia ofisi yenye kiyoyozi ana swali la kujibu mbele ya dhamiri yake. Ndiyo maana siwashauri wahitimu waukimbie uwakili. Nasema kila mmoja aangalie palipo wazi panapolingana na kipaji chake. Na watu wengi wanyonge huumia kabla hawajafika mahakamani kabisa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ililitambua hilo ilipowapa nafasi rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao hawalazimiki kuwa mawakili.

Mkopo wa elimu ya juu na matumaini ya wazazi ni mzigo wa kweli, na sitamhukumu kijana anayetafuta kwanza mshahara. Ninachowaomba wazazi ni wasimwonee haya mtoto aliyechagua kuwa afisa wa ushirika au mfasiri. Na vyuo vyetu vya sheria vimfundishe mwanafunzi, kabla hajahitimu, namna ya kuandika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji usioweza kupingwa.