Mbona Anacheka?

Katikati ya miaka ya 1990, wataalamu wa afya waliokutana Geneva waliupa upofu alama ya 0.6. Katika kipimo chao sifuri ni afya kamili na moja ni kifo, kwa hiyo mwaka mmoja wa mtu asiyeona ulibaki na thamani ya sehemu nne kati ya kumi za mwaka wa mwenye macho. Hicho ndicho kipimo cha miaka inayopotea kwa maradhi na ulemavu, ambacho Benki ya Dunia ilikitangaza katika ripoti yake ya mwaka 1993 na ambacho hadi leo hutumika watu wanapojadili fedha za afya ziende wapi. Ilipotoka tathmini ya mwaka 2010, upofu ulikuwa umeshuka hadi 0.195. Katikati ya tathmini hizo mbili wasioona hawakufumbuliwa macho wala hawakupewa fimbo mpya. Kilichobadilika ni swali, na watu walioulizwa.

Mara ya kwanza walioulizwa walikuwa watu wa taaluma ya afya. Ukiweza kuwaongezea mwaka mmoja wa kuishi watu 1,000 wazima, au kuwaongezea mwaka huohuo watu wasioona, hao wa pili wafike wangapi ndipo uone mizani imelingana? Anayekubali kujibu swali hilo amekwisha kukubali kuwa kuna watu wa bei mbili. Kilichobaki ni kupatana. Mara ya pili waliulizwa watu zaidi ya 30,000, wengine kwenye intaneti, wengine kwa simu, wengine majumbani mwao, Bangladesh, Indonesia, Peru na hapa kwetu Tanzania. Walielezwa kwa ufupi habari za watu wawili wa kubuni, kisha wakaulizwa ni yupi mwenye afya zaidi. Wananchi wa kawaida wakaona kwamba asiyeona, kama hana homa wala maumivu, si mgonjwa kiasi hicho.

Nawapa heko, ingawa hata hapo hakuna aliyeulizwa kuhusu maisha. Kuna mwenye mapafu ya mwanariadha asiyeelewana na mke wala watoto, na yuko mgonjwa wa kisukari ambaye nyumba yake haipungui wageni. Kosa linaingia pale namba ya afya inapochukuliwa kimyakimya kuwa namba ya uhai wenyewe. Corona iliposambaa mwaka 2020, mwongozo wa dharura wa jimbo la Alabama, Marekani, uliowataja watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuwa huenda wasifae kupewa mashine za kupumulia zikiwa chache, ulizua malalamiko, na Aprili mwaka huohuo ukaondolewa baada ya serikali ya shirikisho kuingilia. Aliyeuandika pengine hakuwa katili. Alikuwa na picha kichwani ya maisha yanayostahili kuokolewa, na baadhi ya watu hawakuwemo.

Mwaka 1999 Gary Albrecht na Patrick Devlieger walichapisha utafiti ambao ndani yake wenye ulemavu waliulizwa wao wenyewe. Kati ya waliohojiwa, watu wenye ulemavu wa kiasi hadi mkubwa, asilimia 54.3 walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Watafiti wakaliita jambo hilo kitendawili. Kitendawili kwa nani? Mwenye maisha yake hakutega chochote. Ameulizwa habari za nyumbani, akajibu. Anayekuna kichwa ni yule wa nje, aliyefunga hesabu yake kabla ya kuuliza. Ndiye huyohuyo anayemwona kijana kwenye kiti cha magurudumu akitaniana na wenzake kijiweni, naye moyoni anajiuliza: mbona anacheka?

Wanafalsafa wana jibu la haraka. Jon Elster aliliandikia kitabu mwaka 1983, na Amartya Sen amelizungumza kwa namna yake akiwafikiria mafukara: binadamu akikosa kitu kwa muda mrefu hupunguza matamanio yake mpaka yalingane na alichonacho. Sisi tunamjua sungura aliyezirukia ndizi mbivu, akazikosa, akaenda zake akizisingizia ubichi. Basi huyo anayesema ameridhika na kiti chake, kwa hoja hii, ni sungura.

Si hoja ya kupuuza, ila tazama inavyotumiwa kwa upendeleo. Mkazi wa Mbezi anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi kazini Posta, akarudi saa tatu usiku, akikwambia maisha ni mazuri hatumwiti sungura. Mzee wa miaka sabini asiyeweza tena kucheza mpira na asiyeutamani, tunasema ametulia. Kila mtu amejilinganisha na mwili aliopewa na mji anaoishi, na haiwezekani mazoea yawe hekima kwa mmoja na udanganyifu kwa mwingine. Tena wako waliokaa pande zote mbili. Dereva aliyevunjika uti wa mgongo akiwa na miaka thelathini anaujua mguu unaotembea na anaujua usiotembea. Kati yake na mimi ninayetembea, nani amezionja ndizi?

Fundi viatu mmoja ninayempelekea kazi Temeke hufanyia shughuli zake juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, miguu ameikunja, sanduku la misumari, gundi na nta kando yake. Siku moja nikisubiri soli, alipita mama mmoja aliyevaa vizuri, akaweka noti ya shilingi elfu moja juu ya sanduku bila hata kusimama sawasawa.

“Shikamoo mama,” fundi akamwambia, uzi bado uko kati ya meno. “Kiatu kiko wapi?”

“Hapana baba, wewe chukua tu.”

“Basi kesho niletee hata kandambili nishone. Hii haina kazi.”

Mama akacheka kwa haya, akaenda zake. Noti fundi aliichukua, maana si mjinga. Lakini mbele ya mama yule palikuwa na mtu anayeshona, wateja wawili kwenye benchi, na kiatu changu kimebanwa magotini, naye aliona miguu tu. Ubaya hakuwa nao. Alikuwa na huruma, na huruma ile ilimfuta fundi ikambakiza mlemavu. Ndiyo ileile pole tunayoitoa kabla ya salamu tukikutana na mtu mwenye magongo, pole ya jambo ambalo huenda lilimpata utotoni na alikwisha kuacha kulifikiria. Na huruma ina masharti yake: kwenye taa za barabarani, ombaomba anayepata zaidi ni yule anayejua kujikunja. Anayecheka hapewi.

Sifa nazo hufuta. Watanzania wa rika langu tumekua tukisikia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa kila redio ya taifa ilipotaka kusoma taarifa ya habari. Alipiga ngoma nyingi kwa pamoja, peke yake, na hakuwa akiona. Wanaomsimulia huanza na macho ndipo wafike kwenye ngoma, kana kwamba ngoma hupigwa kwa macho. Msikilize bila kujua habari zake, utaona mikono inavyofanya kila ngoma impokee jirani yake bila kukanyagana. Mshangao aliostahili ni huo.

Wakenya nao wana Henry Wanyoike. Katika mbio za mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mwongozaji wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiona, aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, ikabidi Wanyoike asiyeona amvute hadi kwenye utepe, akachukua dhahabu. Kisa hiki husimuliwa kama muujiza. Kinachonivutia mimi ni kwamba ndani ya mbio moja utegemezi ulikwenda pande zote mbili. Nadhani tunauogopa ulemavu hasa kwa sababu tunaogopa kuwategemea watu, hali hakuna kati yetu aliyejizaa wala atakayejizika. Wanaojiita wenye kujitegemea wana dereva, mpishi, dada wa kazi na fundi bomba. Wao hulipa, ndiyo maana utegemezi wao hauitwi kwa jina lake.

Je, basi ulemavu ni tofauti tu, kama urefu na ufupi? Mwanafalsafa Elizabeth Barnes aliitetea hoja ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2016: kuwa na mwili wenye ulemavu, kwa jambo hilo peke yake, hakumfanyi mtu awe na maisha mabaya zaidi, na sehemu kubwa ya madhara hutoka kwenye dunia iliyojengwa bila yeye. Naikubali zaidi kuliko ninavyoikataa. Ualbino hapa Tanzania ndio unaonizuia kuimeza yote.

Mchukue mtoto mwenye ualbino anayeanza darasa la kwanza. Macho yake hayaoni mbali vizuri. Akikalishwa mbele na kupewa maandishi makubwa, anasoma. Akiachwa nyuma katika darasa la watoto themanini, mwalimu atamwandika kuwa hana akili. Hilo ni kosa la darasa. Kisha kuna watu ambao, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, wamewawinda wenye ualbino kwa mapanga ili viungo vyao viuzwe kwa waganga wanaoahidi utajiri, hata mama wa mtoto huyo hathubutu kumtuma dukani jioni. Hilo ni la polisi, mahakama na majirani. Halafu kuna jua, na jua halina kasumba. Hata tukijenga nchi yenye haki tupu, jua la saa sita litaichoma ngozi isiyo na rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi imewaua wengi wangali vijana. Hapo mwili wenyewe una neno. Lakini nalo ni dogo kuliko linavyoonekana kwa mbali: kofia pana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Anayeyapata ana maisha ya namna moja na asiyeyapata ana ya namna nyingine, kwa ngozi ileile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ualbino unapunguza ubora wa maisha kwa kiasi gani, nitamuuliza wapi, mwaka gani, na umbali gani kutoka kwenye kliniki yenye mafuta. Maumivu sugu, au kifafa kisichosikia dawa, hayo siwezi kuyaita tofauti tu. Mwenye nayo akiomba yaondoke asikilizwe, kwa heshima ileile tunayompa kiziwi anayesema hataki kuponywa.

Sasa kuna ujanja wa kuigeuza furaha ya watu kuwa akiba ya halmashauri. Kama wameridhika, njia za kupandia viti za nini? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya mwaka 2010, na bado majengo yanainuka yenye ngazi kumi mlangoni na meza ya mapokezi inayomfika kifuani aliyesimama. Anayefika hapo na kiti chake anatakiwa awe na huzuni ya kutosha ili abebwe. Akiwa na furaha, asubiri. Lakini aliyelipa kodi ya jengo haulizwi kama ana raha ndipo mashimo ya barabara yake yafukiwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na mbunge kiziwi halazimiki kuhurumiwa na mtu ili afuate mjadala. Vituo vya mwendokasi vya Dar es Salaam, vilivyoanza kazi mwaka 2016, vina sakafu inayolingana na mlango wa basi: mwenye kiti anapita, mama mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili anapita. Shida inamrudia mwenye kiti akishuka na kutafuta daladala ya kuendelea. Konda anamtazama, anakitazama kiti, anagonga bodi: “Twende!” Mtu huyo anaweza kuwa anayapenda sana maisha yake, na dai lake kwa konda halipungui hata senti.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja, kwamba mwenyewe aulizwe. Lakini wako wasioweza kujibu kwa maneno. Eva Feder Kittay, mwanafalsafa wa Marekani, ana binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, asiyeongea, na kwa miaka mingi amebishana na wenzake, Peter Singer akiwa mmojawapo, waliopima hadhi ya watu kwa uwezo wa akili na kuwaweka chini watu kama binti yake. Moja ya hoja zake ni nyepesi mpaka inaudhi: wanaoandika hivyo hawajakaa na mtu wa namna hiyo, hawajaona anavyoupokea muziki wala anavyomtambua anayempenda. Mama wa Tanga au wa Kisumu anayemwogesha mwanawe wa miaka kumi na mitano kila siku anajua sauti ipi ni ya njaa, ipi ya kero na ipi ni kicheko. Daktari wa dakika kumi hayajui hayo.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana mipaka. Upendo unaweza kumwonyesha furaha isiyokuwepo, na uchovu ukamwonyesha mateso yasiyokuwepo. Mara nyingi ameachwa peke yake; baba alikwisha kuondoka, akidai kwao hakuna mambo hayo. Hali ya mtoto na hali ya mama haziwezi kuandikwa kwenye safu mbili tofauti. Atakayetaka kujua mtoto huyo anaishi vipi aanze kwa kumuuliza mama analala saa ngapi, na ni nani anayemshika mtoto siku ambayo yeye mwenyewe anakwenda hospitali.