Kabla Hujamwombea, Msikilize

Mwaka 1935, katika mji wa Lincoln nchini Uingereza, kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia katika utumishi wa Kanisa la Anglikana aliitwa kuongoza mazishi. Jina lake Chad Varah, mwenyewe mtoto wa kasisi. Marehemu alikuwa binti mdogo aliyejiua. Alipopata hedhi yake ya kwanza alidhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Aibu ikamlemea, akakata shauri peke yake.

Lincoln si mji uliokosa dini. Kanisa lake kuu limejengwa juu ya kilima, na minara yake huonekana kutoka mbali. Jibu alilolihitaji binti yule halikudai shahada wala karama ya pekee. Mwanamke yeyote mtu mzima wa mtaa wake alikuwa nalo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwendea bila hofu ya kuaibishwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini adhabu hii ya kabla ya kaburi ingejulikana, lau angekuwapo wa kuisikiliza.

Varah aliondoka makaburini ameapa kwamba hatalinyamazia jambo lile. Alianza kuwafundisha vijana habari za mwili na ndoa, mambo ambayo watu wa dini wa siku zile waliyakwepa, akalaumiwa kwa hilo. Ikapita miaka 18. Mwaka 1953 akasoma kwamba katika jiji la London na vitongoji vyake watu 3 hujiua kila siku. Akajiuliza: mtu aliyefikia hatua hiyo, usiku wa manane, ampigie nani? Mwizi akiingia unaita polisi. Moto ukiwaka unaita zimamoto. Na huyu je?

Mwaka huohuo alipewa kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya mtaa wa mabenki, ambako wakazi ni wachache na kasisi hupata nafasi ya kufanya mengine. Tarehe 2 Novemba 1953 simu ya kanisa hilo ikaanza kupokea watu waliokata tamaa. Magazeti yakaitangaza habari hiyo, na waliopiga na waliokuja wenyewe wakawa wengi kuliko kasisi mmoja anavyoweza kuwahudumia.

Hapo ndipo Varah mwenyewe alipopata fundisho lake. Aliamini kwamba watu wale wanamhitaji yeye, mwenye elimu na uzoefu wa kutoa ushauri. Watu wa kawaida waliojitolea kumsaidia aliwapa kazi ndogondogo: kupokea simu, kupanga zamu, kuwapa chai wanaosubiri. Baada ya muda akaona jambo asilolitegemea. Mtu anafika ameinama, anakaa na yule mpika chai, anaeleza yaliyomsibu tangu mwanzo hadi mwisho, na zamu yake inapofika anasema hana haja tena ya kumwona kasisi. Kumbe dawa ilikuwa inatolewa kule kwenye chai, na hao waliokuwa wakiitoa hawakujua kwamba ni waganga.

Kiongozi mwenye wivu angewafukuza wapika chai. Varah alifanya kinyume: Februari 1954 aliwakabidhi simu, yeye akabaki kuwachagua, kuwafunza na kuwasimamia. Hivyo ndivyo chama cha Samaritans kilivyosimama. Miiko yake ilikuwa mikali: unayoyasikia ni siri, humhukumu mtu, humhubirii. Ndiyo, kasisi ambaye kazi yake ni mimbari ndiye aliyekataza mahubiri kwenye simu ile. Hakuionea haya Injili. Alijua kwamba mtu aliyekata tamaa hatafungua moyo kwa anayemsikiliza huku akitafuta upenyo wa kumwongoa.

Wanaohubiri mahali pa kusikiliza hawakuanza jana. Marafiki watatu wa Ayubu, yaani Elifazi, Bildadi na Sofari, walitoka kila mmoja kwao kwenda kumfariji. Walipomwona walilia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno. Kama wangerudi makwao siku ya saba, tungewasifu hadi leo. Lakini walifungua vinywa. Wakamwambia kwamba bila shaka ametenda dhambi, na kwamba akitubu mambo yatanyooka. Waliyoyasema yanafanana sana na mahubiri mazuri; mengine ungeweza kuyasoma kanisani watu wakaitikia amina. Ila yalimtesa mgonjwa, na mwisho wa kitabu cha Ayubu hasira ya Mungu inawaka juu yao, si juu ya Ayubu aliyekuwa akilalamika. Wakaagizwa wamwendee yuleyule waliyemhukumu ili awaombee.

Elifazi hajafa. Tunaye katika makanisa yetu. Mama anayepigwa nyumbani anajikaza kumwendea mzee wa kanisa. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, ameshaambiwa avumilie, na kwamba nyumba hujengwa na mwanamke mwenye hekima. Kisha anashikwa kichwa, anaombewa kwa sauti kubwa. Anaondoka na amina mdomoni, na lake limebaki moyoni. Juma lifuatalo shida yake inatajwa kwenye kikundi cha maombi, “kuna dada yetu mmoja ana mapito,” jina halisemwi lakini wote wanageuza macho upande wake. Mama huyo hatarudi tena kwa mzee yule, na pengine hatarudi kanisani. Umbea uliovishwa joho la maombi ni umbea tu.

Mwenye moyo uliovunjika ana sababu nyingi za kunyamaza hata bila sisi kumwongezea. Katika Uingereza ya binti yule, kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1961. Nchini Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi Januari 2025, aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu badala ya mgonjwa. Mtu anayeogopa polisi, anaogopa majirani, na anaogopa pia wapendwa wenzake katika Kristo, aende wapi?

Lakini wito huu wa kusikiliza nao una mipaka yake, na asiyeijua huleta madhara. Msikilizaji si daktari. Mtu akikwambia anafikiria kujiua, usimwache peke yake na usijifanye unaweza kumponya kwa maombi ya usiku mmoja. Msindikize hospitali, na ubaki naye. Mtoto akikwambia anafanyiwa ukatili, hiyo si siri ya kutunza. Ni ya kupeleka ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Kutunza siri ni kumlinda aliyekuamini, wala si kumkinga anayemuumiza.

Tukumbuke yaliyotokea nje ya Yeriko. Bartimayo kipofu alipopaza sauti, waliomkemea anyamaze hawakuwa wapagani. Ni umati uliokuwa ukitembea na Yesu. Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamuuliza anataka afanyiwe nini. Shida ya mtu yule ilionekana kwa macho, hata hivyo aliulizwa, akapewa nafasi aiseme kwa kinywa chake.

Wako Wakristo wengi wanaomwomba Mungu awaonyeshe wito wao, wakisubiri ndoto, unabii au kipaza sauti. Wapika chai wa St Stephen Walbrook hawakusubiri hivyo; walipewa birika, wakatega masikio. Ndugu msomaji, mtu atakapokuletea neno lake wiki hii, zima simu, kaa chini, umwache amalize. Usimkate kwa ushuhuda wako. Akishamaliza, muulize angependa umsaidieje, kisha ufanye alilokuomba kadiri unavyoweza. Maombi yatafuata, na safari hiyo utakuwa unajua unachokiombea.