Kazi ni Kulea Mwana

Katika matanga mengi ya Burumba, hapa Busia, hufika wakati msomaji wa wasifu anapoishika karatasi na kuanza kuhesabu: marehemu ameacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa, vitukuu kadhaa. Kama marehemu ni kukhu, yaani nyanya, aliyekula chumvi nyingi, hesabu hiyo hupokewa kwa vigelegele. Kisha mzee mmoja husimama na kusema, "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Watu hutikisa vichwa, mhubiri anapewa kipaza sauti, ibada inaendelea. Methali imepita, na naona imepita haraka mno, kwa sababu haikubaliani na karatasi iliyosomwa punde. Karatasi imehesabu waliozaliwa. Methali inauliza waliolelewa.

Ukiisikia mara ya kwanza utadhani inawadharau wanawake. Ni nani aliyebeba mimba akakubali kuambiwa si kazi? Hata leo yupo mama anayeingia chumba cha kujifungulia asitoke hai. Lakini wahenga hupenda kukishusha kitu kimoja ili ukubwa wa kingine uonekane. Mimba, pamoja na mateso yake yote, ina mwisho unaojulikana. Miezi ikitimia, mwili unaimaliza safari, mwenye mwili atake asitake. Kulea hakuna mwezi wa kutimia. Kila alfajiri mlezi huamua upya: kuamka kabla ya mtoto, kutafuta karo, kukesha na homa, kukemea, kusamehe. Angeweza kuacha, na wapo walioacha. Palipo na hiari ndipo penye sifa na lawama, na kwa hiyo methali imeupa ulezi peke yake neno "kazi".

Ukilikubali hilo, linalofuata ni zito. Kama umama ni kazi, basi aliyeifanya ndiye mama, hata kama hakuzaa.

Mfano uliojulikana dunia nzima uko jirani, katika kaunti ya Siaya tunayopakana nayo. Sarah Onyango Obama wa Nyang'oma Kogelo aliaga dunia Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa kesho yake kwa taratibu za Kiislamu. Magazeti yalimwita nyanya wa Barack Obama, rais wa 44 wa Marekani. Kwa damu hakuwa. Alikuwa mke wa tatu wa Hussein Onyango Obama. Babake rais alizaliwa na Akumu, mke aliyeondoka bomani na watoto wakabaki. Sarah akawalea.

Ngano zetu zimempaka matope mama wa kambo kiasi kwamba jina lenyewe linatisha watoto. Huyu alitenda kinyume. Yeye hakusoma, na uzeeni alisimulia jinsi barua zilivyokuwa zikimfikia asiweze kujua zinasema nini. Hakutaka watoto wa nyumba yake wakue hivyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akimpakia yule mwana wa Akumu kwenye baiskeli na kumpeleka shule Ng'iya, kilomita tisa, kila siku.

Watu wa Burumba wanaijua baiskeli kuliko wengi. Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka huu, vijana wakiwapakia wasafiri kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, miaka mingi kabla ya pikipiki kuzagaa. Mwulize yeyote aliyewahi kuifanya kazi hiyo uzito wa abiria unapopanda kilima, na barabara ya udongo wakati wa mvua. Lakini yeye alilipwa mwisho wa safari. Mama Sarah alipiga pedali bila kujua kama atapata hata shukrani, kwa ajili ya mtoto ambaye angeweza kusema wakati wowote kwamba huyu si mama yangu.

Na hakuishia hapo. Ukimwi ulipoacha mayatima katika maeneo haya, boma lake lilipokea watoto wasiokuwa wake kwa damu wala kwa ndoa, na wakfu wenye jina lake ukawatafutia karo na sare. Mwaka 2014, akiwa amepita miaka 90, alikwenda New York kutunukiwa kwa juhudi zake za elimu. Maisha marefu kwake yalikuwa zamu ndefu.

Wapo watakaojibu kwamba damu nzito kuliko maji. Ni kweli damu huita. Lakini mjukuu aliyekulia Honolulu mikononi mwa nyanya mwingine, Madelyn Dunham, aliyefariki siku mbili kabla ya uchaguzi wa Novemba 2008, alifika Kogelo na kumwita Sarah nyanya, akarudi tena 2006 na 2018. Damu ingempeleka kwa Akumu tu. Kazi ndiyo iliyomfikisha kwenye mlango wa Sarah.

Neno "kazi" lina upande mwingine tunaopenda kuusahau: kazi ina ujira. Burumba kuna akina nyanya wanaolea sasa hivi, binti zao wakiwa sokoni au ng'ambo ya mpaka na mizigo ya samaki na nyanya, wengine wakiwa wamezikwa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini ni lazima ufikishe miaka 70. Anayelea wajukuu watatu akiwa na miaka 62 atangoja. Kumsifu kwa methali siku ya matanga, ilhali alipokuwa hai hakuna aliyemchangia unga, naona ni deni lililolipwa kwa maneno.

Ningependa basi karatasi ya wasifu iongezwe mstari mmoja: majina ya aliowalea bila kuwazaa. Na aulizwe mwenyewe angali hai, kwa maana mara nyingi hakuna mwingine nyumbani anayewakumbuka wote: mtoto wa jirani aliyekaa miaka miwili, mwana wa binamu aliyerudi Tororo akiwa darasa la nne, yule msichana aliyeletwa usiku na hakuna aliyeuliza ametoka kwa nani.